Air Camper: mikanda ya mabega niifunge wapi kwenye bodi ya mbao?

SeremalaWaAnga
Wakuu habari za huko mliko. Niko Minnesota, najenga Pietenpol Air Camper gereji kwa kufuata michoro, ile ndege ya mbao ya siti mbili, abiria mbele rubani nyuma, juu wazi, bawa limekaa juu ya vichwa kwenye nguzo za chuma. Bodi imeshasimama, gundi imekauka, plaiwudi za pembeni zimeingia, kitambaa bado sijaweka kwa hiyo kila kona naifikia kwa mkono, ndo maana nauliza sasa kabla sijafunika.

Ndege hii iliruka na injini ya gari ya Ford Model A mwaka 1929 na kwenye michoro mkanda wa mabega haupo, ni ujitafutie mwenyewe. Mimi siruki bila mkanda wa mabega, na siti ya mbele atakaa mke wangu, kwa hiyo hilo halina mjadala. Shida ni pa kuufunga. Longeroni, yaani zile mbao nne ndefu za bodi, ni inchi 1 kwa inchi 1 tu, mgongo wa siti ni plaiwudi nyembamba, na nikikaa mabega yangu yanakuwa juu kuliko bodi yenyewe, nyuma yangu kuna ile kofia nyepesi ya mgongo wa ndege ambayo haibebi kitu.

Nina mawazo mawili. Moja, nipige bolti mbili juu kwenye mgongo wa siti na washa kubwa kwa nyuma. Mbili, mikanda ipite juu ya mgongo wa siti ishuke moja kwa moja mpaka sakafuni, niifunge kwenye longeroni za chini ambako naona pana nguvu. Rafiki yangu ana mikanda ya gari la mashindano, pointi tano (inashikwa sehemu tano), anataka kuniachia kwa bei ya bure, kwa macho inaonekana mizima kabisa. Mimi nina kilo 95. Mnaonaje? Kwenye hili sitaki kubahatisha.

DadaRiveti
Hongera kaka, na umeuliza wakati mzuri. Mimi ni fundi ndege, nafanya kazi Texas, kazi yangu ya kila siku ni ndege ndogo na za kujijengea nazikagua mara kwa mara.

Naanza na wazo la pili kwa sababu ndilo baya zaidi na watu wengi wanalifanya wakiamini wamejilinda. Mkanda ukitoka begani ukashuka sakafuni, ndege ikigonga mwili unakwenda mbele, mkanda unakaza, na kwa kuwa umeelekea chini basi unakuvuta chini. Unakandamiza uti wa mgongo wakati uleule unaokuzuia usiende mbele. Chukua kipimo cha zamani cha sheria za Marekani za ndege ndogo, mtu azuiwe kwa nguvu ya mara 9 ya uzito wake kwenda mbele. Kilo 95 mara 9 ni 855. Kwa kawaida wanagawa asilimia 60 kwa mkanda wa kiunoni na 40 kwa mabega, kwa hiyo mabega yanazuia kilo 342. Sasa kama mkanda unatoka begani kwa mteremko wa digrii 40 kwenda chini, ili upate hizo 342 za kukuzuia mbele unalazimika kukubali karibu 287 zinazokukandamiza chini, zote zinapita kwenye pingili za mgongo. Mtu anatoka kwenye ajali mzima usoni halafu hatembei.

Waraka wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, namba AC 43.13-2B una sura nzima kuhusu mikanda ya mabega, ni bure, upakue uusome wote. Wanachotaka ni mkanda utoke begani kwenda nyuma ukiwa kwenye usawa, au upande juu kidogo hadi digrii 30. Chini ya usawa wanavumilia kidogo sana, digrii 5 hivi. Hiyo namba ya 5 ishike, maana kwenye Air Camper ndo vita yako yote ilipo.

Wazo la kwanza nalo hapana. Bolti ya AN4, ya robo inchi, kwa mkato mmoja inabeba pauni 3,680, yaani zaidi ya kilo 1,600. Haitakatika. Kitakachokatika ni plaiwudi yako, bolti na washa vitatoka nayo vikiwa vizima. Mtu akikuuliza mkanda umefungwa kwenye nini, ukimjibu "kwenye siti", swali linalofuata ni siti yenyewe imeshikwa na nini, na wewe siti yako imeshikwa na gundi kwenye vijiti.

Cha kufanya: mikanda miwili ya mabega iungane nyuma ya shingo yako kwenye kebo ya chuma, kebo iende mbali nyuma ndani ya mgongo wa ndege, halafu igawanyike mara mbili, kila tawi lishike longeroni ya juu upande wake, mahali ambapo vijiti vya wima na vya mshazari vinakutana na pana kiraka cha plaiwudi. Umbali ndo unaokuokoa. Kama longeroni ya juu iko sentimita 15 chini ya bega lako na umefunga sentimita 30 tu nyuma, mteremko ni digrii 27, hapana. Ukienda mita moja na nusu nyuma, zile 15 zilezile zinakuwa digrii 6 kasoro. Ukisogea nyuma kidogo tena uko ndani ya 5.

Kwa nini kebo na sio mkanda wenyewe mrefu? Kwa sababu utepe, yaani kitambaa cha mkanda, unavutika. Weka mita moja na nusu za utepe, zikivutika asilimia 10 tu ni sentimita 15 za ziada unazokwenda mbele, na kwenye Air Camper sentimita 15 ndo tofauti ya uso na dashibodi. Kebo ya inchi 1/8, ile ya nyuzi 7x19 ya kawaida, inabeba pauni 2,000, zaidi ya kilo 900. Mzigo wako wa mabega ukizidisha na 1.33 ambayo ndo nyongeza ya usalama kwa sehemu za kufungia ni kilo 455. Kebo moja inatosha na inabaki, mradi ncha zimebanwa na kifaa chake na umepima mbano kwa geji.

KandaYaZiwa
Naheshimu mafundi ila naomba nitoe la upande wa pili. Hizi ndege zimeruka miaka yote hii na mkanda wa kiunoni peke yake. Zinatua polepole sana. Unaanza kuongeza kebo, mabamba, bolti, kila kitu kizito kinaenda nyuma ya rubani na hii ndege ukiiharibia uwiano wa uzito nyuma inakuwa mbaya kuruka. Na kingine kinachonitisha mimi binafsi, ni ndege ya gurudumu la mkia, juu wazi, ikipinduka kwenye majani marefu uko kichwa chini umefungwa kila mahali, kuna mafuta, utatokaje? Mimi ningeacha kama mzee Pietenpol alivyochora.

MzeeWaViraka
KandaYaZiwa, hofu yako ya kupinduka naielewa na nitairudia, lakini hili la kwamba zinatua polepole tuliangalie vizuri.

Ndege yenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa ikisimama ndani ya mita moja, nguvu inayokufika ni karibu mara 19 ya uzito wako. Mita moja! Hata ikisimama ndani ya mita mbili bado uko juu ya mara 9. Kwa mkanda wa kiunoni peke yake mwili unajikunja kwenye nyonga na kichwa kinatupwa mbele kama nyundo, na mbele ya rubani wa Air Camper kuna ukingo wa dashibodi kwenye umbali wa mkono uliokunjwa.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa uchunguzi wake mwaka 1985 kuhusu ndege ndogo. Waliangalia ajali ambazo mtu alikuwa na nafasi ya kupona. Kati ya waliokufa kwenye ajali hizo, asilimia 20 wangeishi kama wangekuwa na mikanda ya mabega. Kati ya walioumia vibaya, asilimia 88 majeraha yao yangepungua sana. Namba hizi ni za watu waliokuwa na nafasi ya kurudi nyumbani, kilichowakosesha ni utepe na mahali pa kuufunga.

Na jambo hili halikuanza 1985. Hugh DeHaven alikuwa mwanafunzi wa urubani mwaka 1917, ndege yake ikagongana na nyingine hewani, akapona lakini tumbo lake likaharibika ndani na kifungio cha mkanda wake mwenyewe. Alilala hospitali akijiuliza kwa nini kitu cha kumlinda ndicho kilichomuumiza, na swali hilo akalibeba mpaka 1942 alipoanzisha utafiti wa majeraha ya ajali pale chuo kikuu cha Cornell. Baadaye John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga, Desemba 1954 alijifunga kwenye sleji ya roketi huko New Mexico akasimamishwa kwa nguvu ya mara 46 na akaishi. Alikuwa amefungwa vizuri, mabega, kiuno, kila kitu. Mwili wa binadamu unavumilia mengi kuliko tunavyoudhani ukishikwa kwenye mifupa. Mara 9 ni kiwango cha chini cha kujengea, usifikiri ndo mwisho wa mwili.

Kuhusu uzito: kebo, mabamba manne madogo na bolti zake kwa pamoja ni chini ya kilo moja. Hiyo inaingia kwenye hesabu ya uwiano kama kitu kingine chochote.

Kuhusu kupinduka: aliyevunjika shingo au kupoteza fahamu hatoki kabisa, awe amefungwa mikanda mingapi. Kinachotakiwa ni kifungio kimoja kinachoachia mikanda yote kwa mwendo mmoja wa mkono hata kikiwa kimebeba uzito wako. Fanya mazoezi ndege ikiwa chini, macho yamefungwa, mpaka mkono uende wenyewe. Na ukijikuta kichwa chini kweli, mkono mmoja usukume juu ya kichwa chako kwanza, ndipo ufungue, usije ukaangukia shingo.

RaliMtaani254
Salamu kutoka Nairobi. Mimi si mtu wa ndege, niko kwenye magari ya rally, lakini mikanda ndio chakula changu kwa hiyo niongee hapo tu.

Boss hiyo mikanda ya rafiki yako achana nayo, au angalau angalia lebo kabla hujatoa hata senti. Kila mkanda wa mashindano umeshonewa tarehe. Ile yenye lebo ya SFI 16.1, kiwango cha usalama cha vifaa vya mashindano, inapewa miaka miwili tu tangu itengenezwe. Watu wanadhani ni biashara ya kuuza mikanda mipya, sio hivo, utepe unakufa na jua. Nailoni hasa, miale inaikausha ndani kwa ndani na kwa nje unaona rangi imepauka kidogo tu. Polista inastahimili jua zaidi na inavutika kidogo kuliko nailoni, na wewe ndege yako iko wazi juu, jua la mchana kutwa na mvua, kwa hiyo chukua polista na ukiiegesha funika kokpiti. Na kama huo mkanda umewahi kuwa ndani ya gari lililogonga, hata kidogo, hautumiki tena. Utepe unaovutika kwenye ajali umeshafanya kazi yake.

Alafu tafadhali usimpelekee fundi wa viti vya gari au wa mahema akushonee. Najua anashona vizuri, najua ni rafiki. Ule mshono una idadi yake, una uzi wake, una umbo lake, na ukichoma utepe tundu mahali pasipotakiwa umekata nguvu. Ukitaka urefu tofauti mpigie mtengenezaji simu akutengenezee, hapo Marekani kuna Hooker Harness na Crow na wote wanatengeneza kwa vipimo vya mteja, wanakuuliza tu urefu wa kila kipande na aina ya ncha unayotaka.

Na ule mkanda wa tano, wa katikati ya miguu, usiuache. Mikanda ya mabega ikikaza inavuta kifungio juu, mkanda wa kiunoni unapanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga unakuja tumboni, wewe unachomoka kwa chini. Tumeona kwa magari, tumbo haliwezi kubeba hiyo. Mkanda wa tano unakishikilia kifungio chini, kazi yake ni hiyo, sio kubeba uzito wako kwa mbele.

MotoMoto_Tabora
Kwani ukichukua mikanda ya gari ya kawaida kwenye skrepa, ile ya rili inayojirudisha yenyewe? Ni bei rahisi, imepimwa na viwanda vikubwa, unavuta unabonyeza basi. Naona watu mtandaoni wanaweka kwenye ndege zao.

DadaRiveti
MotoMoto swali zuri. Rili ya gari ina kigololo au kipendulo ndani kinachofunga ikiinama au ikisimama ghafla, na imetengenezwa kukaa kwa pembe fulani tu, ile iliyofungiwa kwenye gari lake. Sasa Air Camper ikiwa chini imekaa mkia chini pua juu, ikiruka inalala sawa. Ukiipata pembe ya kuruka, ikiwa chini rili inagoma kutoa mkanda. Ukiipata ya chini, angani inakubana kila ukitaka kugeuka. Zipo rili za ndege ambazo hazijali pembe, zinasikia mkanda unavyovutwa tu, kama mtu anataka rili anunue hiyo. Na kitu cha skrepa hujui gari lake lilifikaje skrepa.

Kwa SeremalaWaAnga mimi nashauri mikanda isiyo na rili, ya kukaza kwa mkono, ila ina jambo lake. Ukishajikaza sawasawa, mwili hauendi mbele tena, kwa hiyo kabla hujatoboa tundu lolote kaa kwenye siti, jifunge na kamba kama ndo mikanda, kaza, halafu nyoosha mkono ufikie swichi ya magneto inayozima injini, ufikie kabureta, na hasa ufikie koki ya mafuta. Kuna wajenzi wa Air Camper wanaoweka koki mbele kwa abiria kwa sababu tanki liko huko. Rubani aliyefungwa mabega haifikii. Kama yako iko hivyo, weka fimbo ndefu ya kuifungia kutoka kwako.

SeremalaWaAnga
Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote mara mbili na ule waraka nimeupakua, sura ya 9.

Nimekaa kwenye siti leo na mto wake, nikamwita mke wangu apime. Bega langu likiwa na mto liko sentimita 14 juu ya longeroni ya juu. Mita 1.65 nyuma kuna makutano mazuri ya kijiti cha wima na mshazari, viraka vya plaiwudi pande zote. Kwa hesabu ni digrii 4 na point 8. Kwa hiyo siti ya nyuma naona njia. Koki ya mafuta kweli nilikuwa nimepanga kuiweka mbele, nikijikaza na kamba siifikii hata kidogo, hiyo nabadilisha.

Maswali yaliyobaki. Kwenye longeroni nafungaje bila kuiua? Tundu la robo inchi kwenye mbao ya inchi moja ni robo ya mbao yote imeondoka. Na siti ya mbele nifanyeje, maana nyuma ya abiria ndo kuna dashibodi yangu na miguu yangu, kebo haiwezi kupita hapo.

DadaRiveti
Uko vizuri, ila angalizo kwenye mto. Sponji laini linabonyea ukigonga, bega linashuka, halafu linakurusha juu. Tumia sponji lile zito linalorudi polepole, wauzaji wa vitu vya ndege wanalo, na pima tena bega ukiwa umekaa dakika kadhaa limeshajikandamiza.

Longeroni: usiipige tundu kubwa. Ivute kwa urefu wa nyuzi zake, hapo mbao ina nguvu sana, ukiivuta kwa ubavu inapasuka. Tengeneza bamba refu la chuma cha 4130 linalolala ubavuni mwa longeroni, kwanza gundisha kiraka cha plaiwudi ya birch kwa ndani kirefu kupita bamba pande zote mbili na ncha zake uzichonge mteremko, halafu tumia bolti ndogo za AN3 mbili au tatu zilizofuatana kwenye mstari wa katikati, ziachane vya kutosha na zikae mbali na mwisho wa kiraka. Kwa kuwa matawi ni mawili, kila upande unabeba nusu tu na kidogo kwa ajili ya pembe. Matundu yote yapake epoksi au vanishi ndani kabla ya bolti kuingia, maji yakiingia hapo hutayaona mpaka mbao imeoza, na utakuwa umeshafunika kitambaa. Acha na kidirisha cha kukagulia karibu yake.

Halafu angalia kebo za usukani wa mkia na za elevata (kile kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua), zinapita humohumo ndani. Kebo ya mikanda ikiwa imelegea hakikisha haifiki hata kuzigusa, weka kipete cha kuishikilia juu kwenye kiunzi cha mgongo wa ndege. Kipete hicho kiwe dhaifu makusudi, kazi yake ni kubeba uzito wa kebo tu. Usifanye kebo ipinde juu ya kitu, maana popote mkanda au kebo inapopinda, kile kilichopindiwa kinasukumwa kwa nguvu ya mbele na chini, na kama ni mgongo wa siti utakuja kukupiga wewe.

Siti ya mbele ndo ngumu kweli kwenye ndege hii na usiipitie haraka, hasa kwa vile ndo anapokaa mtu wako. Hapo hakuna umbali, kwa hiyo inabidi upate urefu wa juu badala yake. Njia ninayoiamini ni paipu ya 4130 inayovuka bodi kutoka upande mmoja hadi mwingine nyuma ya mgongo wa siti ya mbele, kwenye usawa wa mabega ya abiria, imeshikwa na miguu inayoshuka kwenye longeroni za juu pale vilipo vishikio vya chuma vya nguzo za bawa, na miguu hiyo iwe na tegemeo la mshazari kwenda nyuma, maana mzigo unavuta mbele. Usiishike kwenye dashibodi.

Nimekupigia hesabu ya paipu. Bodi yako upana inchi 24. Mzigo wa mabega na nyongeza yake kwa mtu wa kilo 95 ni karibu pauni 1,000. Nikichukulia ncha zimelala tu na mzigo wote uko katikati, paipu ya inchi 1 ukuta wa inchi 0.065 inapita nguvu yake mbali sana, itapinda kama waya. Inchi 1 na robo ukuta wa 0.083 inabaki chini kidogo ya mahali chuma kinapoanza kupinda. Mke wako labda ni mwepesi lakini siku moja atakaa shemeji yako hapo, jenga kwa ajili yake. Ifunike na sponji zito pia, kwa sababu wewe uliye nyuma ukiwa umelegeza mikanda hiyo paipu ndo iko mbele ya uso wako.

Mikanda ya kiunoni kote mbele na nyuma, pembe ya digrii 45 mpaka 55 kutoka sakafuni, ipite chini kwenye mifupa ya nyonga. Ukiilaza sana inakuacha uchomoke kwa chini, ukiisimamisha sana inachelewa kukushika. Kwa pembe hiyo kila upande unavuta kama kilo 400, na nyongeza 530. Zifunge kwenye longeroni za chini kwa mabamba yanayopita chini ya mbao na kuikumbatia, tena ncha ya mkanda iweze kuzunguka kwenye bolti yake. Panapozunguka tumia nati ya mataji na pini, usitumie ile ya kufuli ya nailoni.

MzeeWaViraka
Niongeze la sheria kwa kuwa wengine watasoma. Ndege ya kujijengea Marekani mikanda yake hailazimiki kuwa na muhuri wa TSO, yaani kibali cha FAA cha vifaa vya ndege, na ule ulazima wa mikanda ya mabega kwa ndege ndogo zilizotengenezwa baada ya Julai 1978 ni wa ndege za kiwandani zenye cheti cha kawaida. Ila ukishaiweka, kanuni ya FAA ya 91.107 inataka ifungwe wakati wa kutembea chini, kupaa na kutua, na abiria umweleze namna ya kufunga na kufungua kabla hujaondoka. EAA, chama cha wajenzi wa ndege za kujijengea, wana washauri wa ufundi wanaokuja gereji bila malipo, mwite mmoja aione kazi kabla ya kitambaa. Jicho la pili kwenye mbao iliyo wazi ni kitu ambacho hutakipata tena.

RaliMtaani254
Na usisahau, hata bila ajali, mwanzo wa kila msimu pitisha utepe wote kwa vidole polepole. Ukiona nyuzi zimechakaa ukingoni, rangi imepauka, umekakamaa au umemwagikiwa na betri au mafuta, badilisha. Si wa kuosha na sabuni ya nguo kali.

SeremalaWaAnga
Asanteni sana ndugu zangu. Nimeagiza paipu ya inchi 1 na robo, 0.083, na mikanda ya polista ya pointi tano seti mbili kwa vipimo vyangu. Mshauri wa EAA wa hapa amekubali kuja kuangalia kabla sijagundisha viraka. Koki ya mafuta inahamia kwangu. La mwisho: ile miezi ya majaribio ambayo abiria haruhusiwi, mikanda ya mbele niitoe kabisa au niiache?

DadaRiveti
Iache lakini ifungwe. Funga kifungio, kaza mikanda yote mitano mpaka ilale bapa kwenye siti, halafu zungusha stiki, ile fimbo ya kuongozea ndege, kona zote nne na usukume pedali mwisho huku na huku, uone hakuna ncha inayoweza kufika kwenye stiki ya mbele. Stiki ya mbele imeungana na yako, mkanda mmoja uliolegea ukiizunguka angani huwezi kuufikia. Ingiza hiyo kwenye orodha yako ya ukaguzi kabla ya kuwasha injini, iandike kwa herufi kubwa. Na kama stiki ya mbele inachomoka kwa pini, ichomoe.